Barua Iliyosomwa Mezani

Keziah alitoweka siku ya Jumatatu, nguo zikiwa bado ndani ya maji.

Ndivyo nilivyojua kuwa kuna jambo. Mwanamke wa Dunnock End anaweza kumwacha mume, anaweza kuacha hata sufuria motoni, lakini haachi nguo za Jumatatu kwenye pipa. Nilipoingia uani kwake saa tatu asubuhi nilikuta maji ya sabuni yamepoa, shati la mumewe linaelea juu yake mikono imetanuka, na kwenye kizingiti damu iliyofutwa nusunusu. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

Eli alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, anafua mnyororo kama siku yoyote.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Kaenda kuteka maji, shemeji."

"Tangu saa ngapi?"

"Kayaulize maji."

Waliofuatana nami tangu mwanzo wanajua jinsi dada yangu alivyoolewa na Eli Tranter, mfua minyororo mwenye sauti nzuri kuliko zote kanisani kwetu. Wanajua habari za kidole alichovunjwa kwa koleo wakati wa Pasaka, na za jicho, na jinsi alivyokimbilia kwetu mara tatu na baba akamrudisha mara tatu, kamshika mkono mwenyewe, kwa kuwa mke haachi nyumba yake. Baada ya mara ya tatu Eli alisimama mbele ya waumini, akalia, akaapa kuacha pombe na akatia alama yake kwenye karatasi ya kiapo. Kanisa zima lilimsamehe. Keziah peke yake ndiye ambaye hakuulizwa.

Jumanne wanaume walianza kumtafuta kwa kukokota kulabu kwenye mfereji unaopita nyuma ya viwanda. Eli alishika kamba mwenyewe. Kila kitu kizito kilipokaribia juu, alivua kofia.

Kilitoka kiatu cha mwanamume. Ukatoka mzoga wa mbwa. Likatoka gurudumu la toroli. Kila mara Eli alivaa kofia yake tena na kusema, "Si yeye. Tuendelee, ndugu zangu." Watu walimhurumia sana.

Alhamisi jirani yetu, Bi Pargeter, alikuja na kitambaa cheusi na kamba ya kupimia.

"Bi Pargeter, dada yangu hajafa."

"Najua, mwanangu. Nyoosha mkono. Kitambaa hakimuui mtu."

Gauni hilo nililivaa baadaye. Lakini hilo si la leo.

Leo ni habari ya Jumamosi, na ya barua.

Lazima niseme kwanza jinsi barua zilivyosomwa nyumbani kwetu. Baba hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyesomeshwa, hadi nikawa msaidizi wa mwalimu. Barua ikifika ilikaa juu ya rafu ya jikoni mpaka kila mtu ameketi. Baba aliifungua kwa kisu cha mkate, akanipa, nami nikaisoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Kuipitia kimya kwanza ilikuwa utovu wa adabu, kama mtu anayekula chakula cha wageni jikoni kabla hakijatengwa. Sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Na barua zilikuwa za mtu mmoja tu: Shangazi Dorcas, dada mkubwa wa baba, mjane wa mchonga vitana vya pembe, aliyekaa Arleyford kando ya mto Severn. Shangazi alitupenda kwa wino. Hakuna jambo la ukoo lililotokea ambalo hatukupelekewa, liwe posa, liwe jipu. Lakini alikuwa mbahili wa karatasi. Akishajaza kurasa zote nne, hakuchukua karatasi nyingine. Aliigeuza ile ile ubavu, akaandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikakatana kama wavu.

Wazee wetu wengi waliandika hivyo tangu zama ambazo posta ilikuwa ghali. Ukizoea huoni taabu. Jicho linafuata mistari ya mlalo, na ile ya wima unaiona kama mvua tu dirishani. Ukifika mwisho unageuza karatasi, na mvua inakuwa maneno.

Jumamosi hiyo kazi zilikoma adhuhuri. Mezani tulikuwa wanne: baba, Bi Pargeter, mimi na Eli. Tangu Jumanne Eli alikula kwetu. Baba alisema mtu aliyepotelewa na mke majini hafai kula peke yake.

Baba alikata bahasha. Nikasoma.

"'Kwa kaka yangu Amos, na kwa kipenzi changu Thirza. Natumaini barua hii itawakuta wazima kama inavyoniacha mimi, isipokuwa goti, ambalo halina adabu tangu mwezi wa nane.'"

Baba alicheka. Hakuwa amecheka tangu Jumatatu. "Goti hilo! Lilianza kulalamika kabla sijaoa."

"Mwache dada yako na goti lake," Bi Pargeter alisema. "Soma, mwanangu."

"'Tabitha wetu ameolewa na yule mwoka mikate mwenye chongo. Harusi ilipendeza, ila jicho lake lililo zima lilikuwa kwenye keki muda wote. Mama mkwe amekwisha kumwambia Tabitha kuwa hajui kukanda unga. Nimemwambia, mwanangu, mama mkwe ni kama pembe mbichi: hachongeki siku ya kwanza. Paka wangu amezaa ndani ya kofia ya mchungaji, naye mchungaji ni mtu mwema, ameiacha kofia.'"

Eli naye alicheka, mdomo umejaa mkate na mafuta ya nyama. "Shangazi huyu! Siku moja lazima nimtembelee."

Nikafungua ukurasa wa pili.

"'Sasa, kaka, shika kiti chako. Leo Jumanne jioni nilikuwa nakoroga jamu ya matufaha, mlango ukagongwa. Unadhani nani? Keziah wetu! Na mtoto ndani ya shali, kanona kama mkate wa siagi...'"

Sikuweza kuendelea. Bi Pargeter alipiga ukelele na kuangusha kikombe. Baba aliinuka, akakaa, akainuka tena, kisha akapiga magoti pale pale juu ya chai iliyomwagika.

"Yu hai," alisema. "Yu hai, yu hai, yu hai."

Eli aliinua mikono miwili juu. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Bwana asifiwe! Nilimtafuta majini, kumbe amewekwa pakavu!"

Nami nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Siku nne nilikuwa nimeitazama kulabu ile ikizama na kupanda. Mtu ambaye hajakaa ukingoni akingoja kumwona dada yake anavutwa kwa nywele hawezi kujua furaha ya mstari ule. Nilitaka mwingine. Nilitaka kila neno lililobaki.

"'Amechoka sana. Sehemu ya njia alipanda mkokoteni wa mkulima, sehemu kwa miguu. Anasema Eli amemruhusu aje apumzishe kifua. Mume mwema kiasi gani! Mwambieni nimemwombea.'"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nimeapa kuliandika lote.

Nilijua kuwa Eli hakumruhusu. Ningenyamaza. Ningekohoa, ningesema wino umechafuka, ningeiangusha karatasi kwenye chai. Nusu yangu ilisimama kwenye neno lile "amemruhusu" kama farasi aliyeona nyoka. Nusu nyingine ilikuwa na njaa ya dada yangu, nayo ndiyo iliyokuwa na mdomo.

"Usikate, shemeji," Eli alisema kwa upole. "Inapendeza. Anasema analala wapi?"

Nikasoma.

"'Nimempa chumba cha nyuma, juu ya karakana ya marehemu. Ni kile chenye mlango wa bustanini ambao komeo lake, Amos, unaniahidi kila mwaka kuja kulitengeneza, nami kila mwaka nauegemezea kiti.'"

"Kweli," baba alisema, akijifuta macho. "Nimekosa. Nitaenda nilitengeneze."

"Usijali, baba," Eli alisema. "Nitaliangalia mimi."

Kurasa mbili zilizobaki zilikuwa za jino la mtoto na za majirani wa shangazi. Nilizisoma zote. Nilipofika mwisho, Eli alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Naenda kumleta mke wangu nyumbani. Ipo treni ya saa kumi na moja kasoro robo."

Baba alimkumbatia. Alimbusu shavuni, mbele yetu sote. "Nenda, mwanangu. Mwambie hakuna atakayemkaripia."

"Hakuna atakayemkaripia," Eli alisema.

"Mpelekee zawadi," Bi Pargeter alisema. "Mwanamke aliyenuna harudi kwa maneno matupu. Utepe, au chai nzuri."

"Nina kitu karakana. Nilikuwa nimemtengenezea."

Akatoka. Bi Pargeter naye akatoka mbio, upande mwingine, kuutangazia mtaa kwamba Keziah amefufuka.

Nikageuza karatasi.

Maneno ya kwanza ya maandishi ya wima yalikuwa haya: "Thirza, sasa ni Alhamisi. Hii usiisome kwa sauti."

Nikaisogeza karatasi karibu na macho.

"Mbona kimya?" baba aliuliza. "Shangazi yako hajawahi kuishiwa maneno. Soma."

Maandishi ya wima husomeka polepole, neno baada ya neno, kwa sababu yale ya chini yanavuta jicho. Nilisoma kimya. Shangazi aliandika kwamba alipoanza barua Jumanne hakujua lolote. Kwamba kurasa nne zilikuwa zimekwisha kujaa habari njema, na hakuwa na moyo wa kuzichoma. "Najua wewe ndiye msomaji, kipenzi changu, na una akili, utaipitia kwanza uone."

Shangazi hajawahi kukaa kwenye meza yetu barua yake ikisomwa. Angejuaje?

"Thirza." Baba alipiga meza. "Nimesema soma."

Nikamsomea.

"'Jana nilimwogesha Keziah. Hakutaka, nikamlazimisha, na sasa natamani nisingelazimisha. Katikati ya mabega ana kidonda cha moto, duara refu, kama pete ya mnyororo. Si kama pete, Thirza. Ni pete. Anasema Eli aliitia kwenye makaa, akambana kwa goti kwenye fuawe la kufulia chuma, akamwambia ahesabu hadi kumi kwa sauti. Alipokosea, alimwanzisha upya. Jumatatu asubuhi alimpiga kwa mpini wa nyundo na kumwambia pete ya pili ipo motoni, ni ya mtoto. Ndipo akakimbia.'"

Baba alikisukuma kando kisu cha mkate. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele kwa furaha, wakiimba jina la Keziah.

"Ukubwa gani?" aliuliza.

"Baba?"

"Hiyo pete. Shangazi yako anajua vipimo, alikaa na fundi miaka thelathini. Kaandika ukubwa gani?"

Nikatafuta. "'Kidole gumba changu kinaingia katikati yake na nafasi inabaki.'"

Baba alikitazama kidole gumba chake.

"Mnyororo wa ng'ombe," alisema. "Mimi ndiye niliyemtafutia Eli kazi ya minyororo ya ng'ombe."

Aliinuka. Nyundo yake ilikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Alikuwa na miaka sitini na tatu na kifua kilichojaa moshi, lakini mkono wa kulia ulikuwa bado wa mtu aliyefua chuma tangu ana miaka tisa.

"Baba, twende kwa konstebo."

"Nikamwambie nini? Kwamba mtu anakwenda kumchukua mkewe? Mara tatu nilimrudisha mimi, Thirza. Kwa mkono huu. Lete kofia yangu."

Niliitia barua kifuani na kumfuata.

Eli alikuwa karakana kwake. Alikuwa ametandaza kitambaa safi cha mezani juu ya fuawe na anaviringisha ndani yake kipande cha mnyororo, kirefu kama mkono. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga jibini.

"Baba! Umekuja kunisindikiza?"

"Weka chini."

"Zawadi ya mke wangu?"

"Niambie hukufanya, Eli. Niambie ni uongo wa wanawake, nitakuamini. Nimekuamini miaka minne."

Eli alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akatabasamu.

"Barua ilikuwa na upande wa pili, sivyo? Mimi sijui kusoma, shemeji, lakini nina macho. Niliiona ile mistari mingine. Nikajisemea, mbona Thirza hageuzi?"

"Shetani," nikasema.

"Mimi? Nani kaisoma?" Aliweka furushi lake chini ya kwapa. "Na wewe, baba, usinitolee macho. Mara ya kwanza ulimleta ana jicho limefumba. Uliliona. Mara ya pili kidole. Ukaniambia, 'Mshike vizuri, mwanangu, ana kichwa kigumu kama mama yake.' Ni maneno yako. Nimemshika vizuri."

Baba alipiga.

Pigo lile lilikuwa la kichwa, lakini Eli aliinama, nyundo ikamkuta begani. Nilisikia mfupa. Eli alitoa sauti kama ng'ombe, akaanguka juu ya mvukuto, na mvukuto ukatoa pumzi ndefu, majivu yakatujaa machoni. Baba alienda kupiga tena. Kikohozi kikamkamata. Alisimama katikati ya karakana nyundo imeinuliwa, anakohoa, hawezi kuishusha wala kuiweka.

Eli alichukua koleo refu ukutani kwa mkono uliobaki mzima. Alimpiga baba mdomoni nalo, mara moja, kwa ubapa. Taya liligeuka upande. Alimpiga mara ya pili gotini, na baba alipokuwa anashuka akampiga mara ya tatu juu ya sikio.

Alifanya haya yote kwa hesabu, bila hasira, kama anavyofua.

Nilimrukia. Nilimng'ata shingoni mpaka nikaonja chumvi. Alinitupa sakafuni. Nikamshika mguu. Alinikokota mpaka mlangoni, na alipoona siachi, akaweka mkono wangu wa kulia juu ya kizingiti cha jiwe kwa ncha ya kiatu, taratibu, akiupanga. Kisha akaukanyaga kwa kisigino chenye chuma. Mara mbili.

Vidole vitatu. Leo naandika kwa mkono wa kushoto.

"Hukuhesabu," aliniambia.

Uani kulikuwa na kelele. Bi Pargeter alikuwa anakuja na wanawake wa mtaa, kumi au zaidi, aproni bado viunoni, wanapiga sufuria kwa vijiko kusherehekea habari njema. Nilifungua mdomo kupiga yowe. Majivu yalikuwa yamenijaa kooni. Haikutoka sauti.

Eli ndiye aliyewafikia kwanza. Alikuwa ameshika bega, machozi yanamtoka, machozi ya kweli ya maumivu.

"Mama zangu, kimbieni! Mzee kaangukiwa na boriti! Na Thirza kaumia akimwokoa! Mimi nami bega limevunjika!"

"Mungu wangu! Keti, Eli, keti!"

"Siwezi kuketi, treni yangu. Keziah ananingoja."

"Nenda, baba, nenda!" Bi Pargeter alimfuta damu shingoni kwa aproni yake mwenyewe. Damu ya meno yangu. "Tutawatazama sisi. Nenda kamlete mtoto wa watu!"

Walimpisha. Walimsukuma kwa mapenzi, mkono mgongoni, huku wengine wakipiga sufuria.

Walipoingia karakana na kumwona baba, sufuria zilinyamaza.

"Boriti ipi?" mmoja aliuliza, akitazama juu. Boriti zote zilikuwa mahali pake.

Bi Pargeter alilitazama koleo. Akautazama mkono wangu. Akaitazama aproni yake. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nimempanguza," alisema. "Ole wangu, nimempanguza."

Baba alikuwa hai. Jicho moja lilikuwa limejaa damu, lingine linanitafuta. Alijaribu kusema jina, taya halikumsikiliza. Nikapiga magoti.

"Siwezi kukuacha, baba."

Aliinua mkono wa kulia, ule ule, akaniweka kiganja usoni. Nilidhani ananibembeleza. Alinisukuma. Alinisukuma kwa nguvu zote zilizobaki, hadi nikaanguka nyuma, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

Nilikimbia.

Kutoka kwetu hadi stesheni ni maili moja, nusu yake kilima. Nilikimbia nimeukumbatia mkono kama mtoto mchanga. Watu walinipungia. "Thirza! Hongera! Tumesikia!" Mzee mmoja alivua kofia. Juu ya kilima niliuona moshi wa treni, na moshi ulikuwa bado umesimama. Nikasema, Mungu yupo.

Nilipofika kwenye lango moshi ulianza kutembea.

"Simamisha!" nilimwambia mlinda lango.

"Binti, mkono wako!"

"Simamisha treni!"

"Treni haisimamishwi na asiye na tiketi, mama. Hata mwenye tiketi haisimamishi. Keti hapa, unatiririka damu."

Mabehewa yalipita mbele yetu polepole. La tatu lilikuwa na dirisha wazi, na dirishani alikuwemo Eli, furushi lake jeupe magotini. Karibu naye mama mmoja alikuwa amekwisha kuvua skafu yake na kumfungia bega.

Alivua kofia kwa heshima.

"Rudi ukamtazame mzee, shemeji! Salamu zako nitazifikisha!"

Nilimshika mlinda lango kwa mkono mzima. "Piga simu ya waya. Arleyford. Sasa hivi. Mwanamke atauawa."

"Arleyford hawana waya, mama. Waya unaishia Kidderminster. Toka huko ujumbe unakwenda na posta."

"Lini?"

"Kesho Jumapili..." Hakumaliza.

Basi, nikajiambia, bado kuna mlango. Kuna kiti kilichoegemezwa. Shangazi ana majirani, ameyaandika majina yao yote. Ana mwoka mikate, ana mchungaji. Huenda milango yote imefungwa, huenda Keziah amelala darini, huenda Eli atapotea njia kutoka stesheni hadi nyumba asiyoijua. Nilitoa barua kifuani nitazame jina la mtaa, nione ni mbali kiasi gani na stesheni. Ilikuwa imelowa damu, lakini wino wa shangazi ni mzuri.

Nilikuwa nimeacha kusoma kwenye kidole gumba. Maandishi ya wima yalikuwa yamebaki mistari sita. Niliigeuza karatasi kwa mkono wa kushoto na kuiweka kwenye ukuta wa tofali, mlinda lango akinishikia pembe.

"Barua itakufikia Jumamosi adhuhuri, kwa hiyo najua utakuja kwa treni ya jioni hiyo hiyo. Usimwambie mtu, kipenzi changu, hata Amos. Njoo peke yako. Keziah hataki kulala usiku mwingine bila kukuona. Nimemkataza kutoka, goti langu nalo haliwezi kumfuata, lakini hasikii. Atakuwa stesheni na mtoto, mwisho wa jukwaa, pale taa isipofika, asionekane na watu. Akuone wewe tu ukishuka, atakuja mbio."

Treni hiyo hufika Arleyford saa kumi na mbili kasoro robo. Inayofuata ni ya Jumatatu.